Masharubu ya Superman: kisa cha Justice League ya 2017

Filamu inaanza na simu. Watoto wanamrekodi Superman, picha inatikisika kama video yoyote ya mtoto wa shule, na katikati ya maswali yao mmoja anamuuliza ni kitu gani anachokipenda zaidi hapa duniani. Superman anaangalia pembeni, anafikiri kidogo, anaanza kutabasamu. Picha inakatika.

Tatizo lilikuwa lile tabasamu. Nilikuwa ukumbini Dar es Salaam, Novemba 2017, wiki ile ile ilipotoka. Kijana aliyekaa nyuma yangu akasema kwa sauti, kabla hata jina la filamu halijatokea: "Oya, huyu mdomo wake umefanyaje?" Safu nzima ikacheka. Hakuna aliyekuwa na jibu. Mdomo wa juu wa Superman ulikuwa mzito, laini kupita kiasi, haukukunjika pale mdomo wa binadamu unapokunjika. Alionekana kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, ganzi haijaisha.

Mimi nilikuja na matumaini ya miaka mitatu. Yalianza kuvuja hapo, dakika ya kwanza.

Filamu mbovu hutoka kila wiki na hakuna anayezililia. Justice League ilikuwa na kila kitu: Batman, Superman na Wonder Woman kwenye filamu moja ya waigizaji halisi, bajeti iliyotajwa kuwa karibu dola milioni 300, na kampuni ya Warner Bros. iliyomiliki mashujaa hawa tangu babu zetu wakiwa vijana. Ikaishia kuwa mfano ambao watu wa sinema wanautaja kila wakitaka kueleza jinsi studio inavyoweza kujikaanga kwa mafuta yake yenyewe. Wengi husema iliharibiwa na uzembe. Sikubaliani. Watu waliohusika walikuwa mafundi hasa. Kilichoiua ni hofu: studio ilisikia malalamiko ya filamu iliyotangulia, ikakimbia hadithi yake yenyewe ikiwa njiani kuisimulia.

Deni la Batman v Superman

Ili kuelewa, rudi Oktoba 2014. Warner Bros. walitangaza orodha ndefu ya filamu za mashujaa wa DC, kampuni yao ya vitabu vya katuni, hadi 2020, na ndani yake Justice League sehemu ya kwanza, 2017, na sehemu ya pili, 2019. Wenzao wa Marvel walikuwa wamejenga taratibu. Walianza na Iron Man mwaka 2008, wakaongeza mmoja mmoja, kisha 2012 wakawakutanisha wote kwenye The Avengers na kuvuna kama dola bilioni 1.5. Warner waliutaka mlima ule ule, ila wapandie njia ya mkato.

Njia ya mkato yenyewe ilikuwa hivi. Superman alipewa filamu yake, Man of Steel, 2013. Halafu moja kwa moja Batman v Superman: Dawn of Justice, 25 Machi 2016, ambako ilibidi aingizwe Batman mpya, aingizwe Wonder Woman, wapigane, wapatane, na wale wengine watatu, yaani Flash, Aquaman na Cyborg, watambulishwe pia. Unajua walivyotambulishwa? Wonder Woman anafungua barua pepe kwenye kompyuta, anabofya video moja baada ya nyingine. Ndivyo tulivyokutana na nusu ya kikosi. Kwa kiambatisho cha barua pepe.

Mwisho wa filamu hiyo Superman anakufa. Sisi tuliolelewa na mabanda ya video tulifundishwa sheria moja tangu utotoni: stelingi hafi. Hata akipigwa risasi sita, hata akitupwa mtoni, stelingi anarudi. Zack Snyder, mwongozaji, alimuua stelingi mkubwa kuliko wote na kumzika. Wengine walikasirika. Mimi nilipenda, kwa sababu kifo cha namna hiyo ni ahadi, na ahadi zilikuwa nyingi. Kuna ile ndoto ya Batman akiwa jangwani, dunia imeungua, alama kubwa imechorwa ardhini kwa moto, majitu yenye mabawa yanashuka kutoka juu. Kuna Flash akitokea kwa Bruce Wayne, ndiye Batman mwenyewe, kutoka wakati mwingine, anapiga kelele kumwonya, kisha anapotea. Watu tulikaa tukichambua zile dakika chache kuliko tulivyowahi kuchambua somo lolote shuleni. Hayo yote yalikuwa deni, na mlipaji aliyetajwa ni Justice League.

Lakini ofisini kwa Warner walikuwa wanasoma karatasi nyingine. Batman v Superman ilianza kwa kishindo, dola milioni 166 wikiendi ya kwanza Marekani, na wikiendi ya pili ikaporomoka kwa karibu asilimia 69. Iliishia kama dola milioni 874 duniani kote. Kwa filamu nyingine yoyote hiyo ni sherehe. Kwa filamu yenye Batman na Superman pamoja, walioitarajia ifike bilioni, ilikuwa msiba. Wahakiki waliichana. Lawama zilikuwa za aina moja: giza mno, huzuni mno, hakuna anayecheka.

Hapa kuna tarehe ambayo watu huiruka. Upigaji picha wa Justice League ulianza Uingereza tarehe 11 Aprili 2016. Siku 17 tu baada ya ile nyingine kutoka. Mswada umeshaandikwa, waigizaji wameshafika, majukwaa yameshajengwa Leavesden, nje kidogo ya London. Wakati dunia nzima inalalamikia chakula cha mchana, sufuria ya chakula cha jioni ilikuwa tayari jikoni, viungo vile vile, mpishi yule yule.

Kusimamisha kazi miezi sita ili wafikiri kungegharimu fedha nyingi na kungekuwa kukiri hadharani kwamba mambo yameharibika. Kwa hiyo hawakusimama. Walianza kurekebisha huku wanaenda. Juni waliwaita waandishi wa habari kwenye eneo la kupigia picha, na ujumbe waliorudi nao ni kwamba hii ya sasa itakuwa na ucheshi. Julai, kwenye maonyesho ya San Diego, wakaonyesha vipande ambavyo Flash anatania na Batman karibu anatabasamu. Neno "sehemu ya kwanza" likatoweka. Aliyekuwa macho angeona kwamba deni lilikuwa linafutwa kimya kimya.

Manahodha wawili

Machi 2017 Snyder alifiwa na binti yake. Alijaribu kuendelea na kazi, akidhani itamshika mkono, na Mei mwaka huo akatangaza kwamba anaiacha filamu akae na familia. Sina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba kila uchambuzi wa kisa hiki unaoanza na nani alikosea unapaswa kukumbuka kwamba katikati yake kuna mzazi aliyezika mtoto.

Aliyekabidhiwa usukani ni Joss Whedon, mwongozaji wa The Avengers yenyewe. Alikuwa ameshaanza kuitwa kuandika vipande vya kuongezea kabla Snyder hajaondoka. Kwenye karatasi uamuzi huo una akili: unataka filamu iwe kama ya Marvel, mwite aliyeitengeneza ile ya Marvel. Ila wahenga wa pwani walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa nahodha wa pili alipanda chombo kikiwa kimeshavuka nusu ya bahari, akaambiwa akipeleke bandari nyingine, tarehe ya kufika isibadilike.

Maana tarehe haikubadilika. 17 Novemba 2017. Na juu yake likaja sharti kutoka kwa mkuu wa studio wakati huo, Kevin Tsujihara: filamu isizidi saa mbili. Snyder alikuwa amepiga picha za hadithi ambayo baadaye ilikuja kutimia saa nne. Whedon akaandika kurasa nyingi mpya, zinatajwa kuwa karibu 80, waigizaji wakaitwa tena, wakapiga kwa kama miezi miwili, gharama iliyoripotiwa kiasi cha dola milioni 25. Saa mbili zinazobaki lazima zibebe hadithi ya zamani, vichekesho vipya, kumfufua marehemu, na kuwatambulisha wale watatu wa barua pepe. Muziki nao ukabadilishwa Juni. Tom Holkenborg akatoka, Danny Elfman akaingia, akaja na ile sauti yake ya Batman ya 1989. Ni muziki mzuri. Ni wa Batman mwingine.

Sasa masharubu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kisa kizima kimo ndani yake kama mti ulivyo ndani ya kokwa.

Henry Cavill, anayeigiza Superman, alikuwa ameshamaliza kazi yake kwa Snyder na kuhamia filamu nyingine, Mission: Impossible – Fallout, ya kampuni ya Paramount. Huko alifuga masharubu, mazito, ya kiume haswa. Warner walipomwita arudi kupiga vipande vya Whedon, Paramount wakamkataza kuyanyoa, maana wao pia walikuwa katikati ya kazi. Yalifanyika mazungumzo. Christopher McQuarrie, mwongozaji wa Fallout, alikuja kusimulia kwamba lilifikiriwa hata wazo la kusimamisha kazi yao hadi masharubu yaote, kwa gharama ya kama dola milioni tatu, lakini Paramount hawakutaka kusikia. Na kwa nini wakubali? Mshindani wako akiwa na shida ya kujitakia, humpi wembe wako.

Kwa hiyo Superman akapiga picha akiwa na masharubu kamili, joho jekundu mgongoni, na mafundi wa kompyuta wakapewa kazi ya kuyafuta picha kwa picha. Si kuyapaka rangi. Kuyafuta maana yake ni kutengeneza mdomo mpya wa juu, ngozi mpya, mikunjo mipya inayofuata kila neno analotamka. Uso wa mtu ndicho kitu kigumu kuliko vyote kuigiza kwa kompyuta, kwa sababu kila mmoja wetu amekuwa akisoma nyuso tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Fundi akipata muda, anaweza. Muda ndio haukuwepo. Kuchelewesha filamu kungemaliza jambo hilo lote. Cavill angenyoa, tabasamu lingekuwa lake.

Angalia jinsi mambo yalivyofuatana. Studio iliogopa kwamba Superman wa Snyder hacheki. Ikatumia mamilioni kumrudisha apige kipande kimoja ambacho kazi yake pekee ni tabasamu. Na tabasamu hilo ndilo lililochekesha ukumbi mzima kwa sababu isiyo yake.

Tulichokikuta ukumbini

Mengine yalikuwa madogo madogo, lakini yanarundikana. Anga la vita vya mwisho ni jekundu la machungwa, kama juisi imemwagika kwenye kioo cha kamera. Flash anamwangukia Wonder Woman kifudifudi, kichekesho cha sinema za miaka ya nyuma ambacho kwa mwanamke ambaye filamu yake yenyewe, miezi mitano tu kabla, iliingiza zaidi ya dola milioni 820, kilikuwa ni utovu wa adabu. Kuna familia moja ya Urusi ndani ya nyumba inayosubiri kuokolewa tangu katikati ya filamu. Tunawarudia, tunawaacha, tunawarudia. Mwisho Flash anasukuma gari lao, anajivuna, anageuka, anamwona Superman anapita na jengo zima la ghorofa begani. Nilicheka, nakiri. Kisha nikajiuliza hawa watu ni akina nani, na kwa nini wamepewa dakika ambazo Cyborg hakupewa.

Cyborg ndiye aliyenyongwa kabisa. Kijana aliyekufa nusu, babake akamwokoa kwa chuma ambacho hakukiomba, ana uwezo wa kuingia kwenye kila mashine duniani. Hadithi ya nani inakosa moyo ukiwa na huyo? Kwenye filamu ya 2017 yeye ni kijana mwenye kofia ya sweta anayenung'unika pembeni hadi atakapohitajika kufungua mlango. Mwigizaji wake, Ray Fisher, mwaka 2020 alijitokeza hadharani kulalamikia jinsi Whedon alivyowatendea watu kazini. WarnerMedia, kampuni mama ya Warner Bros., wakafanya uchunguzi, na Desemba mwaka huo wakasema hatua za kurekebisha zimechukuliwa. Whedon alizikana tuhuma. Yote hayo tulikuja kuyajua baadaye, lakini pengo la Cyborg lilionekana siku ile ile, hata kwa asiyejua lolote.

Halafu trela. Trela ya Julai 2017 ilimaliza kwa Alfred, mtunzaji wa Bruce Wayne, akizungumza na mtu tusiyemwona, aliyeingia hadi vyombo vikatetemeka. Wote tulijua ni nani. Tulisubiri lile tukio kama watu wanavyosubiri penalti. Halimo kwenye filamu. Hata yule msichana anayemvutia Flash, aliyetangazwa, mwigizaji kalipwa, hayumo. Ndoto ya jangwani haikutajwa tena. Onyo la Flash halikutajwa tena. Adui mkubwa ambaye vidokezo vyote vilikuwa vinamwelekea hakuonekana, tukaletewa mtumishi wake, Steppenwolf, mrefu, wa kijivu, anayesema "mama" kuhusu sanduku.

Na mwisho wake yeye Steppenwolf ni wa kuandikwa. Wadudu wake wenye mabawa wananusa hofu na kumshambulia mwenye hofu. Shoka lake linavunjika, kwa mara ya kwanza anaogopa, wale wale wanaomtumikia wanamgeukia. Sijui kama aliyeandika hilo alikuwa anawatazama mabosi wake.

Fedha zilisema yaliyobaki. Wikiendi ya kwanza Marekani: dola milioni 93.8. Superman peke yake, 2013, alikuwa amefungua kwa zaidi ya milioni 116. Wonder Woman peke yake, Juni ile ile ya 2017, zaidi ya milioni 103. Sasa wako wote chumba kimoja, na Batman kaongezwa, wanaingiza pungufu ya kila mmoja alivyoingiza mwenyewe. Mwezi huo huo Thor: Ragnarok, shujaa ambaye kabla ya hapo wengi walimwona wa daraja la pili, alikuwa ameanza na milioni 122.7. Duniani kote Justice League ilikoma kwenye milioni 657.9, chini hata ya Man of Steel.

Mtu atasema milioni 657 ni hela. Ni hela, lakini si ya studio yote. Kumbi za sinema hubaki na karibu nusu ya tiketi, na nchi nyingine zaidi ya nusu. Kinachorudi ndicho kilipe zile milioni 300 za kutengeneza, na juu yake matangazo ambayo kwa filamu ya ukubwa huu hufika zaidi ya milioni 100. Wachambuzi wa biashara ya Hollywood walikadiria hasara ya kama milioni 60. Kwa filamu iliyotengenezwa ili iwe chemchemi ya nyingine kumi.

Lakini namba zenyewe si jibu la kwa nini tuliumia. Waliolalamikia giza la Batman v Superman hawakurudi. Walishaamua DC si yao, na vichekesho kwenye trela havikuwabadilisha. Waliorudi ni sisi tuliokuwa na deni mkononi. Tukafika dirishani, tukaambiwa aliyetukopa amehama, huyu mpya hamjui mtu wala deni. Warner waliacha wateja waliokuwa mlangoni wakawafuata walioshaondoka, wakakosa wote wawili.

Na jina. Kwenye filamu ile, "imeongozwa na" kuna jina moja tu, Zack Snyder. Whedon alitajwa kama mwandishi mwenza. Snyder mwenyewe alisema mwaka 2021 kwamba hajawahi kuitazama. Mkewe na mwongozaji mwenzake, Christopher Nolan, waliiona, wakamshauri asiiangalie kamwe.

Saa nne

Kisa kingeishia hapo kama vingi vinavyoishia. Hiki kikaota mguu mwingine. Siku chache baada ya filamu kutoka, mashabiki walianza kudai toleo la Snyder, kwa hashtegi ya #ReleaseTheSnyderCut. Mwanzoni ilikuwa kituko. Watu walikuwa wanadai filamu ambayo hawana uhakika ipo. Tarehe 17 Novemba 2019, miaka miwili kamili, Ben Affleck na Gal Gadot wenyewe, yaani Batman na Wonder Woman wa filamu hiyo, waliandika hashtegi ile, na kituko kikaacha kuwa kituko. Mei 2020 ikatangazwa kwamba itatoka. Korona imefunga kumbi, Warner wana huduma mpya ya kutazama filamu mtandaoni, HBO Max, inayohitaji wateja, na ghafla kitu kilichodaiwa hakipo kikapata bajeti ya kama dola milioni 70 kukimalizia. Kilitoka 18 Machi 2021, saa nne na dakika mbili.

Kundi lile la mashabiki nisilisafishe kupita kiasi. Lilichangisha zaidi ya dola nusu milioni kwa shirika la Marekani la kuzuia watu kujiua, na hilo litabaki. Ndani yake pia kulikuwa na watu waliotukana na kutisha kila aliyepinga, na mwaka 2022 jarida la Rolling Stone liliandika kuhusu ripoti za WarnerMedia zilizoona kwamba asilimia 13 hivi ya akaunti zilizopiga kelele hizo zilikuwa bandia. Asilimia hiyo ni juu ya kiwango cha kawaida. Bado inaacha watu wengi wa kweli.

Niliitazama kwa usiku miwili na binamu yangu, kwenye laptopu, umeme ukikatika saa ya tatu. Na sitasema ni filamu bora ya mashujaa kuwahi kutengenezwa, kama wengine. Imejaa. Kila mtu anatembea polepole. Aquaman anaingia baharini, wanawake wa kijiji cha Iceland wanaanza kumwimbia, mmoja anaokota sweta lake na kulinusa, na sisi tunatazamana hapa tunauliza hii ni filamu au harusi. Mkuu wa studio aliyeogopa kuipeleka ukumbini saa nne hakuwa mjinga. Ukumbi unaoonyesha filamu ya saa nne unaonyesha mara mbili kwa siku badala ya mara tano.

Ila Cyborg yumo. Ana mama, ana baba, ana mchezo wake wa mpira, ana kipande ambacho anamwona mhudumu wa mgahawa mwenye watoto na akaunti tupu, na kwa uwezo wake wa kuingia kwenye mashine za benki anamwekea fedha, yeye mwenyewe hayupo hata pale. Dakika moja na nusu hivi, hakuna ngumi. Baada ya hapo unamjali hadi mwisho. Alfred yumo, na vyombo vinatetemeka. Yule msichana wa Flash yumo. Flash mwenyewe, ambaye kwenye toleo la kwanza kazi yake ilikuwa kuchekesha na kuanguka, anakimbia hadi wakati unarudi nyuma, miguu yake inatengeneza ardhi iliyokwisha kulipuka. Anga ni jeusi. Superman amevaa nguo nyeusi na mdomo wake ni wa kwake, kwa sababu Snyder hakutumia hata kipande kimoja cha Whedon. Zile ni picha za 2016, kabla Cavill hajafuga chochote.

Binamu yangu hakuwahi kuiona ya 2017. Umeme uliporudi tukaendelea, ikaisha, yakapita maandishi ya Snyder ya kumkumbuka binti yake. Akaniuliza ile ya kwanza ilikuwaje. Nikamtafutia kile kipande cha watoto na simu. Akakiangalia mara mbili, akarudisha nyuma, akasimamisha pale pale kwenye tabasamu.

"Hii ndiyo waliona inafaa?"

Waliofanya maamuzi hayo waliondoka mmoja mmoja. Jon Berg, aliyesimamia filamu za DC, nafasi yake ikachukuliwa na Walter Hamada mwanzoni mwa 2018. Tsujihara aliondoka Machi 2019, kwa sababu nyingine kabisa. Aquaman alipewa filamu yake Desemba 2018, akaachwa awe yeye, akapita dola bilioni moja. Mwishoni mwa 2022 James Gunn na Peter Safran wakakabidhiwa nyumba yote ya DC, wakaibomoa hadi msingi, na Superman wa sasa ni mtu mwingine.

Masharubu yenyewe tuliyaona Julai 2018, Mission: Impossible – Fallout ilipotoka. Kuna pale chooni, Paris, katikati ya ngumi, Cavill anavua koti, anakunja mikono yake miwili kwa kishindo kama mtu anayekoki bunduki. Uso wake unaonekana wazi. Yamechanwa vizuri, hata unywele mmoja haujakaa vibaya. Yalimpendeza.